Mchongaji na Jukwaa: Historia ya Picha za Kuchongwa katika Vitabu vya Tamthilia

Njia itokayo Boma Ng'ombe kwenda Kamwanga hupita Sanya Juu, katika wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Mashariki husimama Kibo na uwanda wa Shira. Ng'ambo ya pili, mawingu yakitawanyika, huonekana Meru. Ni mji wa soko na mashamba, wa mahindi na maharage, wala haukujengwa kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani. Mwanafunzi akaaye mahali kama hapo aweza kuisoma Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, akaufanya mtihani wake, akafaulu, na asiuone mchezo wenyewe ukichezwa na watu wa kazi hiyo hata siku moja. Jukwaa lake ni kitabu, taa zake ni mwanga wa dirisha, na wachezaji wake ni wale anaoweza kuwaumba katika mawazo yake.

Hali hiyo si ya Sanya Juu peke yake, wala si ya Afrika peke yake. Tangu tamthilia zilipoanza kupigwa chapa katika Ulaya ya karne ya 15, walio wengi katika wasomaji wake wamekuwa watu wasioufikia ukumbi, ama kwa umbali, ama kwa umaskini, ama kwa kuzaliwa baada ya wachezaji kufa. Kwa ajili ya watu hao alitokea mtu wa tatu baina ya mwandishi na msomaji, naye ni mchongaji wa picha. Huyo alichagua tendo moja katika mchezo, akalichonga katika ubao au shaba, na tangu hapo maelfu ya watu waliuona mchezo kwa jicho lake. Swali ambalo historia ya kazi hiyo huliuliza ni fupi, lakini jibu lake si jepesi: je, mchongaji huyu ni shahidi wa kuaminiwa? Aliona nini, na nini alikibuni? Kwa Mwafrika swali hilo lina uzito wake mwenyewe, kwa sababu yeye naye alikuwamo katika picha hizo tangu mwanzo.

Haifai kuihukumu kazi ya fundi bila kuzijua zana zake. Njia iliyo kongwe zaidi ni ya ubao. Fundi huchora juu ya uso wa ubao, kisha huondoa kwa kisu na patasi kila mahali pasipo na mchoro, mistari ikabaki imeinuka kama mishipa ya mkono wa mzee. Ubao wa namna hiyo huweza kufungwa pamoja na herufi za risasi, vikapakwa wino mmoja na kupigwa chapa kwa mara moja. Kwa hiyo picha ni rahisi, nazo huweza kuwa nyingi katika kitabu kimoja. Njia ya shaba ni kinyume cha hiyo. Mistari huchimbwa ndani ya bamba kwa ncha ya chuma. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba ukafutwa ukawa safi, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa nguvu baina ya magogo mawili hata iunyonye wino. Shaba hutoa mstari mwembamba kama unywele na kivuli laini kuliko ubao. Walakini haipigwi chapa pamoja na herufi. Kila picha ilipigwa peke yake, katika mtambo wa peke yake, kisha ikatiwa kitabuni kwa mkono.

Katika tofauti hiyo ya ufundi imo sababu ya jambo ambalo wasomaji wengi hudhani ni la sanaa tu. Maadamu picha ya shaba ilikuwa ghali, mchapaji aliupa mchezo mzima wenye matendo matano picha moja, akaiweka mbele ya maneno yote. Msomaji aliiona kabla hajasoma neno la kwanza. Picha hiyo moja ikawa kama mlango wa nyumba: kila aingiaye hupita hapo, na aghalabu huikumbuka nyumba kwa mlango wake. Tena, chochote kilichochongwa katika bamba hutoka karatasini kimegeuka, kulia kukawa kushoto. Na fundi asiyejihadhari humpa askari upanga katika mkono wa kushoto, akamzulia sifa ambayo mwandishi hakumpa.

Historia yenyewe yaanza kwa jina ambalo msomaji wa Afrika ana haki ya kulisikia kwa makini. Miongoni mwa tamthilia za kale zilizotangulia kutiwa picha katika vitabu vya chapa ni zile za Publius Terentius Afer, aliyeishi Rumi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Mwandishi wa maisha yake, Suetonius, asema kwamba alizaliwa Karthago, katika pwani ya Afrika ya Kaskazini, akawa mtumwa wa mzee wa baraza aitwaye Terentius Lucanus, ambaye alimsomesha kisha akamwachia huru. Jina la Afer ni neno la Kilatini la kumtaja mtu wa Afrika. Neno hilo si ushahidi wa rangi ya mwili wake, wala mwanachuoni mwangalifu hatalilazimisha liseme lisilolijua. Lakini asili yake ya ng'ambo ya bahari haikusahauliwa, kwani ilibaki katika jina lake. Aliacha michezo sita tu, nayo ilisomwa shuleni Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja kama mfano wa Kilatini safi.

Watawa wa karne ya 9 walizinakili tamthilia hizo kwa mkono pamoja na picha za wachezaji waliovaa vinyago, na nakala moja mashuhuri ya namna hiyo imehifadhiwa Vatikani. Mwaka wa 1486 mchapaji Konrad Dinckmut wa Ulm, Ujerumani, alitoa mchezo wa Terentius uitwao Eunuchus kwa Kijerumani, ukiwa na picha za ubao. Mwaka wa 1493 Johannes Trechsel wa Lyon, Ufaransa, alitoa michezo yote kwa Kilatini na picha kwa kila onyesho: jukwaa dogo lenye milango iliyofunikwa mapazia, na juu ya mlango jina la mwenye nyumba. Katika miaka hiyohiyo kijana Albrecht Dürer, aliyekuja kuwa mchoraji mkuu wa Ujerumani, anahesabiwa kuwa alichora michoro mingi ya Terentius juu ya mbao huko Basel. Kitabu hicho hakikupigwa chapa, na mbao zilizo nyingi zimebaki katika mji huo hazijaguswa na patasi, mchoro wa wino ukiwa juu yake hata leo. Ni kama mchezo uliofanyiwa mazoezi yote, kisha pazia lisifunguliwe.

Kila picha katika hizo yastahili kuulizwa swali la shahidi. Mchongaji wa Ulm hakuuona mchezo wa Terentius ukichezwa kwa desturi ya Warumi. Desturi hiyo ilikuwa imekufa karne nyingi kabla yake. Alichokiona ni njia za mji wake, paa za nyumba zake, na viatu vyenye ncha vya majirani zake, akawavika hao wahusika wa Kiyunani waliotungwa na mtu wa Karthago kwa lugha ya Kilatini. Mchapaji Johann Grüninger wa Strasbourg alizidi hapo mwaka wa 1496. Alichonga vipande vya ubao mbalimbali, hiki mtu, hiki mti, hiki nyumba, akawa anavipanga upya kwa kila onyesho, hata kipande kilekile cha kijana kikatumika kwa kijana huyu na yule. Kazi hiyo ilipunguza gharama, nayo ilikuwa ya werevu; lakini msomaji alifundishwa pasipo kujua kwamba vijana wote wa mchezo ni mtu mmoja.

Katika Uingereza picha kongwe ya tendo la Shakespeare ijulikanayo haikuchongwa, bali ilichorwa kwa kalamu. Ni karatasi inayohusishwa na Henry Peacham, ya mwaka wa 1595 au karibu na hapo, nayo yaonyesha watu wa mchezo wa Titus Andronicus. Upande mmoja malkia amepiga magoti akiwaombea wanawe. Upande wa pili amesimama Aaron, Mwafrika, mweusi wa wino kabisa, na upanga mkononi. Basi katika picha ya kwanza kabisa ya jukwaa la Shakespeare, Mwafrika yumo, tena hawezi kukosa kuonekana. Walakini aliyesimama jukwaani siku zile alikuwa Mwingereza aliyepakwa rangi. Picha yasema kweli juu ya jukwaa, na jukwaa lenyewe lilikuwa likisema jambo lingine juu ya mtu.

Michoro ya kuchongwa ilikuja baadaye. Toleo la mwaka wa 1615 la mchezo wa Thomas Kyd uitwao The Spanish Tragedy lilikuwa na picha ya ubao mbele, na toleo la mwaka wa 1616 la Doctor Faustus wa Christopher Marlowe vivyo hivyo, mwanachuoni akisimama ndani ya duara lake na shetani akichomoza mbele yake. Ufaransa, mwaka wa 1682, kazi za Molière zilitolewa kwa picha zilizochorwa na Pierre Brissart na kuchongwa na Jean Sauvé. Mmoja wa wasimamizi wa toleo hilo alikuwa La Grange, mchezaji wa kundi la Molière mwenyewe. Na kwa sababu hiyo wanahistoria huzitazama picha hizo kwa heshima kubwa, wakitafuta ndani yake mavazi na mikao ya wachezaji wa kwanza.

Mwaka wa 1709 Jacob Tonson wa London alitoa kazi za Shakespeare katika mabuku sita, zikiwa zimehaririwa na Nicholas Rowe. Hilo ndilo toleo la kwanza la Shakespeare lililotiwa picha, moja mbele ya kila mchezo. Nazo hudhaniwa zilichorwa na François Boitard na kuchongwa kwa sehemu kubwa na Elisha Kirkall. Katika picha ya Hamlet mwana wa mfalme yu chumbani mwa mama yake, mzuka wa baba amesimama mbele yake kwa mavazi ya vita, na sakafuni kiti kimepinduka. Katika maneno ya Shakespeare hakuna kiti kinachopinduka. Kimetoka wapi basi? Wataalamu wengi huona kwamba kimetoka jukwaani: wachezaji wa London, na hasa Thomas Betterton, walikuwa na desturi ya kukipindua kiti kwa mshtuko mzuka utokeapo. Kitu ambacho hakuna kalamu ya mwandishi iliyokiandika kimehifadhiwa na ncha ya mchongaji kwa zaidi ya miaka 300. Hapo mchongaji ni shahidi mwema, naye asifiwe.

Lakini msomaji akifungua Coriolanus katika toleo hilohilo, atakuta wanawake wamempigia magoti jemadari, na mpango wa picha yote umeigwa katika mchoro wa Nicolas Poussin, Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1665. Hapo hakuna jukwaa hata kidogo. Kuna fundi aliyenakili kazi ya fundi mwenzake. Picha mbili za kitabu kimoja, za wakati mmoja, katika karatasi za ukubwa mmoja, moja ni ushahidi na nyingine ni nakala, wala hakuna alama ya kumwambia msomaji ipi ni ipi. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Picha iliyo peke yake mbele ya mchezo haina wa kuipinga.

Katika toleo hilo Othello, jemadari Mwafrika wa Venisi, aonekana kando ya kitanda cha Desdemona, mweusi, amevaa mavazi ya afisa wa Ulaya wa enzi ya mchongaji. Jambo hilo lina maana kuliko linavyoonekana. Karne moja baadaye, katika siku za mchezaji Edmund Kean aliyeanza kumwigiza Othello London mwaka wa 1814, jukwaa lilipenda kumpunguzia Othello weusi wake na kumfanya wa rangi ya hudhurungi, na wako wahakiki waliodai kwamba mtu mweusi kabisa hafai kuwa shujaa wa msiba mkubwa namna hiyo. Picha ya mwaka wa 1709 huwajibu bila kelele: kulikuwa na wakati ambapo Othello mweusi, mwenye cheo na vazi la cheo, hakumshangaza mnunuzi wa kitabu.

Matoleo yalifuatana. Mwaka wa 1744 Sir Thomas Hanmer alitoa Shakespeare huko Oxford kwa picha za Francis Hayman zilizochongwa na Hubert Gravelot. Hayman alikuwa amepata kuchora mandhari za jukwaa la Drury Lane. Hata hivyo hakuachwa huru, kwani Hanmer alimwandikia maagizo ya kila picha, nani asimame wapi na kwa uso gani. Miaka ya 1773 na 1774 John Bell alitoa Shakespeare kama alivyochezwa katika kumbi za kifalme za London, kwa kufuata vitabu vya wasimamizi wa jukwaa. Katika matoleo yake ya baadaye alitia picha za wachezaji mashuhuri katika mavazi ya wahusika. Na wanahistoria wamekwisha kuthibitisha kwamba baadhi ya wachezaji hao walichorwa katika sehemu wasizojulikana kuzicheza. Mnunuzi alitaka kumwona mchezaji ampendaye, na mchapaji hakutaka kumnyima.

Aliyeithubutu kazi hiyo kwa ukubwa wote alikuwa John Boydell, mchongaji na mfanyabiashara wa picha, aliyepata kuwa Meya wa London mwaka wa 1790. Mwaka wa 1786 aliazimu kuwaajiri wachoraji wakuu wa nchi yake wachore matendo ya Shakespeare kwa rangi, kisha wachongaji wayageuze kuwa mabamba ya shaba ya kuuzwa dunia nzima. Jumba la picha hizo lilifunguliwa katika mtaa wa Pall Mall mwaka wa 1789, nao Joshua Reynolds, George Romney, Benjamin West na Henry Fuseli walikuwa miongoni mwa waliochangia. Lakini kuchonga bamba kubwa ni kazi ya miaka, na wanunuzi waliokwisha kulipa walichoka kungoja. Kisha vita vya Uingereza na Ufaransa vikafunga masoko ya Ulaya, ambako picha za Boydell zilikuwa zikinunuliwa sana. Alilazimika kuomba ruhusa ya Bunge aziuze mali zake kwa bahati nasibu. Alifariki Desemba 1804, na bahati nasibu ikachezwa mwezi uliofuata. Picha zikatawanyika, lakini mabamba yaliendelea kupigwa chapa kwa miaka mingi, hata yalipochakaa.

Si kila mtu aliyemshukuru Boydell. Charles Lamb, mwandishi wa insha, alilalamika kwamba picha hizo zilimfunga msomaji: Julieti aliyekuwa na nyuso nyingi kama wasomaji wake alipewa sasa uso mmoja. Lamb alisema hayo akiwa mtu aliyeonja tatizo lenyewe, kwani kitabu cha masimulizi ya Shakespeare alichokiandika pamoja na dada yake Mary kilipotoka mwaka wa 1807, kilitiwa michoro ambayo yeye hakuipenda. Kitabu hicho ndicho kilicholeta Shakespeare Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza katika Kiswahili. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu baadaye, alitafsiri masimulizi manne kutoka humo, yakapigwa chapa Unguja mwaka wa 1867 kwa jina la Hadithi za Kiingereza.

Mwaka huohuo wa 1867, mwezi wa Agosti, alifariki katika mji wa Łódź, Poland, mtu ambaye maisha yake ndiyo jibu bora la historia yote hii. Ira Aldridge alizaliwa New York mwaka wa 1807, Mwamerika mweusi, akavuka bahari akiwa kijana kwa kuwa nchi yake haikuwa na jukwaa la kumpa. Mwaka wa 1833 Kean alianguka jukwaani Covent Garden akimwigiza Othello, na Aldridge akaitwa katika jumba hilohilo kuichukua sehemu hiyo. Baadhi ya magazeti ya London yalimtukana kwa rangi yake, na baada ya siku mbili mlango ukafungwa. Hakukata tamaa. Alicheza katika miji ya mikoani, kisha tangu mwaka wa 1852 akalizunguka bara la Ulaya, akapewa nishani na heshima na wafalme.

Katika miaka ya 1850 mchapaji John Tallis wa London alitoa mfululizo wa picha za wachezaji wa Shakespeare zilizochongwa katika chuma cha pua. Chuma hicho kilikuwa kimeanza kutumiwa badala ya shaba tangu miaka ya 1820, kwa sababu huhimili kupigwa chapa mara nyingi zaidi. Nazo picha za Tallis zilikuwa na jambo jipya: nyingi zilichongwa kwa kufuata picha za kamera ya siku zile. Mojawapo ni ya Aldridge katika sehemu ya Aaron, mhusika yuleyule wa karatasi ya Peacham. Baina ya picha hizo mbili imepita miaka zaidi ya 250. Katika ile ya kwanza Aaron ni rangi iliyopakwa juu ya mtu mwingine. Katika hii ya pili kuna uso wa mtu aliyeishi, mwenye jina, aliyekaa mbele ya kamera na kutazamwa kama alivyo. Tena mchezo aliouigiza ulikuwa umeandikwa upya kwa ajili yake, Aaron akageuzwa kutoka mwovu kuwa mtu wa heshima. Mwafrika wa picha hiyo alikuwa amekwisha kuyashika maneno ya mchezo kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuwa tena kitu cha kuchorwa tu.

Katika miaka hiyohiyo ufundi huohuo wa kuchonga uliigeukia Kilimanjaro. Johannes Rebmann aliiona theluji ya mlima tarehe 11 Mei 1848, na wanajiografia wa Ulaya, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walimkatalia. Karl Klaus von der Decken alifika mwaka wa 1861 pamoja na Richard Thornton, na tena mwaka wa 1862 pamoja na Otto Kersten; Harry Johnston alikaa kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, mwaka wa 1884, akatoa kitabu chake mwaka wa 1886. Vitabu vya safari hizo vilitiwa michoro, na michoro ya vitabu vya namna hiyo ilimpitia kwanza fundi aliyekaa Ulaya, asiyewahi kuuona mlima, akitazama mchoro wa msafiri kama wenzake walivyotazama maneno ya Terentius. Hata mpangilio ulikuwa wa jukwaa: mlima nyuma kama pazia lililochorwa, migomba pembeni, na watu mbele wamesimama kana kwamba wanangoja zamu ya kusema. Wasomaji wa London na Leipzig waliujua mchezo. Wachezaji hawakuambiwa kwamba wanacheza.

Na ilhali mafundi wa mbali walikuwa wakiwachonga Wachagga, Wachagga walikuwa na uchongaji wao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Moshi ya Kale miaka mingi, alikusanya mafundisho ya jando ya Wachagga, yakapigwa chapa Ujerumani katika mabuku matatu baina ya mwaka wa 1932 na 1938. Humo yaelezwa mregho, fimbo iliyochongwa alama na pingili, ambayo mwalimu aliishika mbele ya vijana. Kila alama ilikuwa na fundisho lake na wimbo wake. Mwalimu aligusa alama, akaimba, vijana wakaitikia, akapanda alama nyingine. Mtu akiokota mregho njiani haambiwi neno. Alama hazisemi mpaka awepo mwenye kuzijua na mwenye kuitikia.

Hapo ndipo fimbo ya Kilimanjaro inapoifundisha shaba ya London. Bamba la Boydell lilijaribu kusema yote peke yake: uso, vazi, hasira, mwanga wa mshumaa, likamwachia mtazamaji kazi ya kukubali tu. Mregho ulisema kidogo makusudi, ukamwachia mwimbaji na mwitikaji kazi ya kuumba. Bamba humwonyesha mtu mchezo uliokwisha kuchezwa mahali pengine; mregho hauna maana ila mchezo ukichezwa papo hapo. Kila kimoja kina faida yake, kwani bila bamba la mwaka wa 1709 kile kiti kilichopinduka kingalipotea. Lakini aliyezoea bamba bila mregho husahau kwamba tamthilia ni maneno yanayongoja midomo.

Tamthilia hizo zilipoingia Kiswahili kwa ukamilifu wake, ziliingia kwa njia ya maneno. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka mwaka wa 1963. Akairudia na kuisahihisha, toleo jipya likatoka mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka wa 1968 na Tufani mwaka wa 1969, kisha akamleta Sofokle wa Wayunani kwa jina la Mfalme Edipode mwaka wa 1971. Kazi waliyoifanya watafsiri hao ni ya uchongaji vilevile, ingawa zana yao ni lugha. Katika Kiingereza mchezo wa Venisi unamtaja mfanyabiashara mmoja. Katika Kiswahili cha Mwalimu wamekuwa wengi. Nalo neno bepari, lililotoka katika lugha za Wahindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lilikuwa limekwisha kupata makali mengine katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka wa 1967. Kwa neno moja la jalada mtafsiri aliweka mlango wake mbele ya nyumba ya Shakespeare, na msomaji akaingia akiwa amekwisha kujiuliza: bepari ni yupi, Shailoki peke yake, au na Antonio pia?

Basi historia hii haimfundishi mwanafunzi kuzichukia picha, wala kuziabudu. Yamfundisha kuzihoji kama hakimu mwema anavyomhoji shahidi: nani alilichagua tendo hili na si lile, alilipwa na nani, alikiona alichokichonga, au alikinakili, na Mwafrika aliye pembeni mwa picha ni mtu, au ni rangi. Maswali hayo yafaa kwa ubao wa Ulm, kwa bamba la Boydell na kwa jalada la tafsiri. Tena yafaa kwa picha zote ambazo dunia imezichonga juu ya Kilimanjaro na watu wake.

Mwanafunzi wa Sanya Juu asiye na ukumbi si maskini kama anavyodhaniwa. Anacho kitabu, anazo sauti za wenzake darasani, na katika nchi ya babu zake fimbo yenye alama ilitosha kuwakalisha vijana wakaimba mpaka fundisho likaisha. Asome kwa sauti, mwenzake aitikie, na ikimjia hofu ya Hamlet mbele ya mzuka, asingoje mchongaji amwambie la kufanya. Kiti kipo, na akipindue mwenyewe.